Ki-, Ji- na Ka-: Umbo Dogo la Mwanamke katika Lugha, kutoka Pwani hadi Butembo na Beni

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umeshughulika sana na mwanamke kama mhusika: mama, mke, kahaba, mwanamapinduzi. Mwili wake wenyewe, yaani kimo chake, unene wake na upana wa nyonga zake, umeachiwa washairi wa mapenzi na waimbaji wa taarabu. Makala haya yanaanzia hapo palipoachwa. Yanakusudia kuchunguza jinsi lugha inavyomtaja mwanamke mwenye umbo dogo, na kufanya hivyo huku macho yakielekezwa kwenye miji miwili ambayo wahakiki wa pwani hawaifikii mara nyingi, Butembo na Beni katika Kivu Kaskazini. Huko Kiswahili cha vitabu na Kiswahili cha sokoni hukaa bega kwa bega, na tofauti baina yao, kama itakavyoonekana, si ya sarufi peke yake.

Pa kuanzia ni neno umbo lenyewe. Limetokana na kitenzi umba, na katika ukoo huo wamo Muumba, kiumbe, umbile na maumbile. Neno hilo basi, kila linapotaja sura ya mwili, humkumbusha msemaji kuwa sura hiyo imefanywa na mwingine. Kitenzi hicho kina pia kinyume chake. Kama vile funga inavyozaa fungua na ziba ikazaa zibua, umba imezaa umbua: kuondoa umbo, kuharibu sura, na kwa upanuzi wa maana kumvunjia mtu heshima hadharani. Aliyeumbuka ameaibika. Kwa hiyo tangu zamani lugha imeunganisha mambo mawili ambayo matangazo ya urembo ya leo yangependa kuyatenga, yaani kuguswa kwa umbo na aibu.

Istilahi mpya imekwepa ukoo huu. Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, ilipoanza kutangaza huduma za namna hii mwaka 2023, lugha iliyotumika kwa wingi magazetini na redioni ilikuwa ya kurekebisha: upasuaji rekebishi, kurekebisha maumbile, kurekebisha mwili. Kwa aliyeungua moto au aliyezaliwa na mdomo uliopasuka neno hilo halina kasoro. Kwa mwanamke mzima wa afya ambaye dosari yake ni kuwa na nyonga nyembamba, lina kasoro kubwa, kwa sababu hurekebishwa kilichokaa vibaya. Kabla daktari hajamwangalia, kitenzi kimekwisha kumhukumu. Mhakiki anayekubali kuwa maneno ya wakoloni yalibeba itikadi hana budi kukubali kuwa na haya yanayo.

Lakini kisu cha daktari kimechelewa kufika. Kilichotangulia ni ngeli. Wanafunzi hufundishwa kuwa ngeli ya ki-/vi- hudunisha na ya ji-/ma- hukuza, kisha mwalimu hupita haraka kwenye upatanisho wa kisarufi kana kwamba habari imekwisha. Hebu yatazamwe majina ya sifa ya mwanamke kijana: kimwana, kidosho, kipusa, kisura. Yote yameingia katika ki-. Kipusa ni pia pembe ya kifaru, bidhaa ya thamani iliyosafirishwa ng'ambo, na jambo hilo linasema mengi juu ya namna uzuri ulivyopimwa. Kisha itazamwe orodha nyingine ya ngeli iyo hiyo: kibete, kibiongo, kiwete, kiziwi, kipofu, kilema, na kimbaumbau, mtu aliyekonda kupita kiasi. Haidaiwi hapa kuwa kila ki- katika maneno hayo ina historia moja. Linalodaiwa ni kwamba sikio la msemaji linayasikia pamoja. Mwanamke mwenye umbo dogo husimama katika mpaka wa orodha hizo mbili: leo ni kisura, na akipungua kilo chache kwa homa au kwa majonzi, ameangukia upande wa kimbaumbau. Mwanamke mnene hana mpaka kama huo wa kuvuka ghafla.

Ushahidi bora wa ki- hii si wa kamusi. Ni jina la mtu. Fatuma binti Baraka wa Zanzibar, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, ulimwengu ulimjua kwa jina la Bi Kidude. Yasimuliwa kuwa alizaliwa mdogo mno hata jamaa yake mmoja akauliza ni kidude gani hicho, na jina likashika. Dude ni kitu kisichojulikana jina. Kidude ni kitu hicho kikiwa kimepunguzwa tena. Jina la namna hiyo lingetosha kumwumbua mtu maisha yake yote. Yeye alilitia Bi mbele, akalipanda jukwaani, akapiga ngoma ya msondo na kuimba nyimbo alizozipokea kwa Siti binti Saad, na mwaka 2005 akatunukiwa tuzo ya WOMEX huko Ulaya. Tena alikuwa somo wa unyago, mwalimu wa wasichana katika mambo ya mwili. Wanawake wa Unguja waliofundwa jinsi ya kuubeba mwili wao walifundwa na mwanamke ambaye lugha ilikuwa imemwita kitu kidogo kisicho na jina. Wanaoandika juu yake husifu sauti na umri. Kiambishi hicho cha mwanzo wamekisahau, ingawa ndicho kinachobeba kisa chote.

Siti mwenyewe alipitia njia hiyo kabla yake. Shaaban Robert, katika Wasifu wa Siti binti Saad, hafichi kuwa mwimbaji huyo hakujaliwa sura ambayo mji uliisifu, na kwamba wapinzani wake walimwimba kwa hilo. Mwandishi anaiacha sauti imshindie. Ni utetezi wa heshima, ila una kikomo chake: unakubali kipimo cha wapinzani, kisha unaleta kitu kingine cha kukifidia. Hausemi kuwa kipimo chenyewe ni kibovu.

Upande wa pili wa mizani umekaa ji-. Jimama ni neno la mitaa ya miji ya Tanzania, na ndani yake mna kejeli na matamanio kwa pamoja. Katika miaka ya 1990 mizani hii ilipandishwa jukwaani Dar es Salaam na vikundi viwili. Khadija Kopa, mwanamke wa mwili mkubwa na sauti kubwa, alikuwa nguzo ya Tanzania One Theatre. Nasma Khamis, aliyejulikana kwa lakabu ya Kidogo, aliimba na Muungano. Wimbo wa kundi la Nasma uitwao Sanamu la Michelin, ulioazima picha ya yule mtu wa matairi aliyejaa mikunjo, ulieleweka na kila shabiki kuwa ni kombora dhidi ya mwili wa mpinzani. Wahakiki wa mipasho wamezoea kuusoma wimbo huo kama matusi yaliyovaa fumbo. Wamesahau kuangalia nani anatukana. Anayerusha jiwe ni Kidogo, na analirusha katika utamaduni ambao kwa kawaida humpa ushindi mwanamke aliyenawiri. Kwa wakati wa wimbo mmoja mizani iligeuzwa. Haikukaa hivyo. Miaka iliyofuata mitaa hiyo hiyo ilijaa gumzo la dawa za Kichina za kukuza makalio na nyonga, na mwenye umbo dogo akawa ndiye mteja aliyekusudiwa.

Safari kutoka jukwaa hilo hadi Butembo ni ndefu, lakini nyimbo, vitenge na dawa huisafiri. Wafanyabiashara Wanande wa Butembo, ambao mitandao yao ilianza kujengwa kwa kahawa, mboga na dhahabu, wamefika Dubai na Guangzhou na kurudi na makontena kupitia Mombasa, Kampala na mpaka wa Kasindi. Kiswahili cha mji huo nacho kina mzigo wake. Wasemaji wake wengi wana Kinande nyumbani, na udogo hawautaji kwa ki-. Huutaja kwa ka-, na wingi wake tu-: katoto, tutoto, kanyumba, tunyumba. Kiambishi hicho kimeenea katika Kiswahili chote cha mashariki mwa Kongo na kinafanana na aka- ya Kinande. Kiswahili sanifu, kilichojengwa juu ya Kiunguja baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928 na kuundwa kwa Kamati ya Lugha mwaka 1930, hakikukipa nafasi. Mwalimu anayefuata kitabu hukikata kwa wino mwekundu.

Kosa la mwalimu huyo si la sarufi, kwani sarufi anayoifundisha ni sahihi. Kosa ni kutoona anachokiondoa. Ka- ya Kivu inaweza kubeza, hilo halikanushwi, lakini mara nyingi hubembeleza. Ni kiambishi cha mtoto mgongoni na cha kitu kinachopendwa. Kuna zaidi ya hayo. Katika baadhi ya lahaja za Kongo, hasa zile zilizochunguzwa na wanaisimu wa Lubumbashi, ki-/bi- huweza kukuza na kuchukiza badala ya kudunisha. Sikio lililolelewa hivyo, likisoma kimwana au kijitu katika riwaya ya Tanzania, huenda likaona mwili mwingine kabisa na ule aliouona mwandishi. Hakuna mwongozo wa ufundishaji wa fasihi unaoweza kudai kuwa jambo hilo ni dogo.

Neno mbilikimo ni mfano mkali zaidi. Pwani, mbilikimo ni mtu wa hekaya, au ni kejeli anayotupiwa mfupi yeyote. Beni, neno hilo lina wenyewe. Wambuti wa misitu ya upande wa Oicha na Mbau ni majirani, wateja sokoni na wagonjwa hospitalini, na mauaji yaliyoanza katika eneo la Beni mwezi Oktoba 2014 yaliwahamisha pamoja na wakulima. Kumwita msichana mfupi mbilikimo Dar es Salaam ni kumtania vibaya. Kumwita hivyo Beni ni kumtoa katika kabila lake, na wakati huo huo ni kuwatukana wengine ambao hawakuwapo katika mazungumzo. Vitabu vya hadithi vinavyotoka pwani hulitumia neno hilo bila hadhari yoyote.

Sasa tuingie kwenye jambo ambalo limeifanya mada hii istahili karatasi na wino. Katika miji ya Kongo kurekebisha umbo si hasa kupunguza. Ni kuongeza, na huongezwa kwa vidonge. Siproheptadini, dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya mzio, humletea mtumiaji hamu ya kula na usingizi. Deksamethasoni, dawa nzito ya kutuliza uvimbe, huufanya mwili uhifadhi maji na mafuta. Uchunguzi wa Kinshasa umeonyesha kuwa ya kwanza hutumiwa bila agizo la daktari na watu wengi, hasa wanawake, kwa nia ya kunenepa. Wapo pia waliokwisha kusimulia, huko huko Kinshasa, matumizi ya vipande vya kiungo cha mchuzi kupitia njia ya haja kubwa ili kukuza makalio. Miji ya biashara kama Butembo na Beni haiwezi kukaa nje ya mkondo wa aina hii. Kinachouzwa Kinshasa na Kampala hufika Kasindi.

Mwenye umbo dogo huvutwa na mkondo huo kwa nguvu zaidi, na nguvu hiyo haitoki kwenye tamaa ya urembo peke yake. Ng'ambo ya mpaka, nchini Uganda, ugonjwa wa UKIMWI katika miaka ya 1980 uliitwa silimu, yaani wembamba. Tangu hapo wembamba katika ukanda huo umesomwa kama barua ya daktari iliyofunguliwa hadharani. Ikaongezeka vita, ambamo aliyekonda ni mkimbizi, na kifua kikuu, ambamo aliyekonda anakohoa. Mwanamke aliyezaliwa na mifupa midogo analazimika kuthibitisha kila siku kuwa si mgonjwa, hajaachwa, hajafukuzwa kijijini. Anaponunua vidonge hanunui nyonga tu. Ananunua ushahidi. Msiba ni kwamba ushahidi huo ni wa uongo kwa namna mbaya mno: deksamethasoni hupunguza kinga ya mwili na kupandisha sukari katika damu, humfanya mwenye kifua kikuu aonekane amenawiri huku ugonjwa ukisonga mbele, na akiiacha ghafla baada ya kuizoea, tezi za juu ya figo zilizokwisha kulala huenda zisiamke kwa wakati.

Kabla ya vidonge palikuwa na nguo, na nguo haijashindwa bado. Methali husema mwanamke nguo, mgomba kupaliliwa, na mtu wa Butembo aliyezungukwa na migomba haitaji kufafanuliwa sehemu ya pili. Mwana Kupona binti Msham, katika utenzi wake wa 1858, alimwusia binti yake manukato, vito na utunzaji wa nywele; mwili wenyewe aliuacha kama alivyoukuta. Kikwembe cha Kongo kimefanya kazi hiyo kwa ufundi zaidi. Kitambaa huuzwa kwa yadi 6, navyo hutoka vipande vitatu: blauzi, vazi la chini, na kipande cha tatu kinachofungwa juu ya nyonga. Mwanamke mfupi mwembamba hubakiwa na kitambaa zaidi ya mwenzake mnene, na fundi mzuri hukilaza kile kilichobaki pale kinapohitajika. Jioni hufunguliwa, hukunjwa, hurudi sandukuni. Hakuna aliyeumbuka. Inashangaza kuwa wahakiki waliojaza kurasa juu ya maandishi ya kanga hawajaandika neno juu ya kipande hiki cha tatu.

Juu ya upasuaji wenyewe maneno machache yanatosha. Unyonyaji wa mafuta kwa njia ya kuujaza mwili maji yenye ganzi ulielezwa na daktari Jeffrey Klein wa Marekani mwaka 1987, na kipimo cha ganzi alichokipendekeza mwaka 1990 kilikuwa miligramu 35 za lidokaini kwa kila kilo ya mwili. Mwenye kilo 90 huvumilia miligramu 3,150. Mwenye kilo 45 huishia 1,575. Mwili mdogo basi una nafasi ndogo ya kukosewa. Ukitakiwa kutoa mafuta tumboni ili yahamishiwe makalioni, mara nyingi hauna ya kutosha. Uhamishaji huo ndio ambao vyama vya wapasuaji wa kimataifa vilionya mwaka 2018 kuwa huenda ukaua mtu mmoja kwa kila 3,000, mafuta yanapoingia katika mshipa mkubwa na kufika mapafuni. Kifo cha mwanamke mmoja Nairobi mwezi Oktoba 2024, na kufungwa kwa kliniki iliyohusika, kililifanya jambo hilo lijulikane kwa wasomaji wa magazeti ya Afrika Mashariki. Riwaya bado haijaligusa. Said Ahmed Mohamed katika Utengano (1980) alionyesha jinsi mji unavyoutumia mwili wa Maimuna hadi ukachakaa, lakini Maimuna hakuulizwa na mtu kama angependa kuongezwa nyonga. Mwandishi wa kizazi hiki atakayemchukua kutoka pale ana kazi ya kutosha.

Hatimaye kuna kazi ambayo haimsubiri mwandishi wa riwaya, nayo ni ya mfasiri. Wakati wa mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 katika eneo la Beni na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, baada ya vifo 2,287, shirika la Translators without Borders lilionyesha kuwa ujumbe ulioandikwa kwa Kifaransa au kwa Kiswahili sanifu haukueleweka vema na watu wengi waliolengwa, wanawake hasa. Onyo lolote juu ya vidonge vya kunenepesha litakutana na ukuta huo huo, na mfasiri ataukuta umeongezewa tofali moja la fasihi. Madaktari huuita uso wa mtu aliyezidishiwa deksamethasoni uso wa mwezi, kwa sababu huvimba ukawa duara. Mfasiri mwaminifu ataandika kwamba dawa hii itaufanya uso wako uwe kama mwezi. Ni tafsiri sahihi, na ni sifa kubwa kuliko zote ambazo ushairi wa Kiswahili umempa mwanamke tangu ulipoanza kumsifu. Mwezi wa kumi na nne ndio kipimo chake cha uzuri. Binti wa Butembo atakayeusoma ujumbe huo ukutani mwa zahanati, ikiwa amesoma ushairi shuleni, atajua vizuri la kufanya: atauliza vidonge vinauzwa wapi. Mwezi basi uachwe kwa washairi, na ukutani paandikwe kwamba uso utavimba.